Wa Ndani: Siku Sita Nyuma ya Akie Abe

Siku ya kwanza. Jumanne, 3 Juni 2025. Osaka hadi Tokyo

Kazi imeisha jana jioni. Wiki saba nimesimama kwenye maonyesho ya Expo hapa Osaka katikati ya wauza kahawa wa kwetu na wanunuzi wa Kijapani, huyu akisema nasema, yule akicheka nacheka, hadi koo likawa kama msasa. Ndege ya kunirudisha Dar ni ya Jumanne ijayo. Wenzangu wamekwenda Kyoto kupiga picha na mahekalu. Mimi nina deni la neno moja, nimeamua kulifuata.

Neno lenyewe ni *shijin*. Machi 2017 nilikuwa mwanafunzi wa lugha hapahapa Osaka. Tarehe 14 ya mwezi ule baraza la mawaziri la Japani lilipitisha tamko rasmi kwamba mke wa waziri mkuu si *kojin*, yaani mtu wa umma, ni *shijin*. Mwalimu akatugawia habari ile, kila mtu aitafsiri kwa lugha ya kwao. Nikaandika "mtu binafsi". Mwalimu hakujua Kiswahili, akanipa alama zote.

Lakini nafsi ilinisuta. Mimi nimelelewa Tanga na shangazi yangu, na shangazi alikuwa mke wa mbunge. Nyumba ile haikuwa na saa ya kufunga mlango. Alfajiri barazani tayari wamekaa watu: huyu ana mgonjwa hospitali ya Bombo, yule mwanawe amefukuzwa ada, mwingine amekuja tu kunywa chai na kuangalia nani mwingine amekuja. Shangazi hakugombea chochote, wala hakuna aliyempigia kura, na sufuria yake ya chai ilikuwa ya lita kumi. Kumbe serikali inaweza kuketi kikao ikaamua kwamba mtu wa namna hiyo ni binafsi!

Basi siku sita hizi nafuata nyayo za mwanamke aliyesababisha tamko lile: Akie Abe, mke wa Shinzo Abe, waziri mkuu wa wakati ule. Simtafuti yeye mwenyewe. Natafuta mahali ambapo ubinafsi wake ulianzia na ulipoishia.

Kwenye kibanda cha stesheni ya Shin-Osaka nimenunua karameli za Morinaga, zile za kiboksi cha manjano chenye nembo ya malaika. Kinafunguka kama kiberiti. Ndani zimo 12, kila moja imefungwa kwenye karatasi ya nta, na ukiiweka ulimini mwanzo haina ladha yoyote, halafu maziwa yanakuja polepole. Nimeanza na karameli kwa sababu yeye ni mtoto wa karameli. Alizaliwa Tokyo Juni 1962 kwa jina la Akie Matsuzaki, na babake alikuwa rais wa kampuni ya Morinaga, iliyoanzishwa 1899. Alisoma shule za masista wa Sacred Heart, akaajiriwa Dentsu, kampuni kubwa ya matangazo. Mkubwa wake kazini ndiye aliyemkutanisha na kijana Shinzo, aliyekuwa katibu wa babake mzazi, mwanasiasa Shintaro Abe. Wakaoana Juni 1987. Miezi miwili baadaye akafariki babu wa bwana harusi, Nobusuke Kishi, waziri mkuu wa zamani. Yaani bibi harusi hajamaliza hata kuzoea nyumba, tayari yuko kwenye msiba wa taifa.

Na jina la Matsuzaki likaondoka. Sheria ya Japani inataka mume na mke wawe na jina moja la ukoo, na karibu kila mara ni la mume. Hili huwa nashindwa kuwaeleza rafiki zangu wa Kijapani: kwetu pwani bibi harusi habadilishi jina la babake, atazikwa nalo. Wao wananiangalia kama nimewaambia tunatembea juu ya maji. Kwa lugha, mke wa mtu huitwa *okusan*, asili yake aliye kule ndani, na mume akimtaja mkewe kwa unyenyekevu husema *kanai*, "ndani ya nyumba". Hapo tumekaribiana. Hata mume wa shangazi alikuwa hasemi "mke wangu" mbele za watu, alisema "wa nyumbani".

Jioni nimetembea Tomigaya, mtaa wa Shibuya walikoishi. Nyumba sikuitafuta. Mtu amefiwa, miaka mitatu haijatimia, nikasimame mlangoni kwake nafanya nini? Nimezunguka tu pembeni ya bustani ya Yoyogi nikila wali wa kufinyanga. Ni mtaa mtulivu wa ukuta mfupi na maua ya vyungu. Inajulikana kwamba katika jengo lile ghorofa ya juu yao aliishi mama mkwe, Yoko: binti wa waziri mkuu, mke wa waziri wa mambo ya nje, mama wa waziri mkuu. Alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 95. Hebu fikiria kuolewa, halafu kila hatua unayopiga jikoni inasikika na mwanamke wa namna hiyo.

Na wala hakukuwa na mtoto wa kusingizia kelele. Mwaka 2006, mumewe alipoingia uwaziri mkuu mara ya kwanza, Akie aliandika katika jarida moja kubwa kwamba walitafuta mtoto kwa matibabu, hawakupata; mume akagusia kuasili, yeye moyo haukukubali. Wapiga kura wa jimboni walikuwa wanamuuliza uso kwa uso. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani nasoma barua kutoka Tanga.

Siku ya pili. Jumatano, 4 Juni. Nagatacho na Kanda

Asubuhi Nagatacho, kwenye kilima cha serikali. Ofisi ya waziri mkuu ni ya vioo, na nyuma yake yapo makazi rasmi, jengo la mawe na matofali la mwaka 1929. Polisi aliniuliza kwa adabu kama nimepotea. Nikamwambia naangalia tu nyumba ya mashetani. Akacheka, akaficha meno.

Si utani wangu. Ndani ya jengo lile waziri mkuu Inukai aliuawa na wanajeshi Mei 1932, na Februari 1936 wanajeshi wengine wakavamia tena. Tangu hapo watu husema panatembea mizimu yenye buti. Abe alipokuwa haishi pale, akipendelea kwake Tomigaya, mbunge mmoja alipeleka swali la maandishi, na Mei 2013 baraza la mawaziri likajibu kwa maandishi kwamba halina habari ya mizimu hiyo. Nimefurahi kugundua kwamba serikali ileile ilipitisha majibu rasmi juu ya mambo mawili ya nyumba hii: mzimu na mke. Kwa mzimu walikuwa waangalifu zaidi.

Maana huyu "mtu binafsi" alikuwa amepangiwa watumishi watano wa serikali wa kumsaidia, wawili kati yao wakimhudumia muda wote. Shangazi alikuwa na binamu mmoja wa kuchota maji.

Lakini binafsi yake ilikuwapo, tena siyo ya kuficha. Wajapani walimpachika jina la "chama cha upinzani cha nyumbani", naye alilipenda. Mume anataka mitambo ya nyuklia iwashwe, mke anasema hapana. Serikali inajenga kuta ndefu za zege baharini baada ya tsunami ya 2011, mke anakwenda kaskazini kusema wananchi hawazitaki hivyo. Mwaka 2014 alipanda gari kwenye maandamano ya mashoga na wasagaji hapa Tokyo, watu wa chama cha mumewe wakabaki wameshika vichwa. Agosti 2016 alikwenda Takae, Okinawa, kwenye kambi ya watu wanaopinga viwanja vya helikopta za Marekani. Waandamanaji wenyewe hawakujua wamkaribishe au wamfukuze. Mwezi huohuo akaweka maua Pearl Harbor, bandari ya Marekani iliyoshambuliwa na Japani 1941, miezi minne kabla ya mumewe kwenda rasmi.

Sitaki kumpamba. Wengine husema yote yale yalikuwa pambo la mume: hasira za watu zinapata mahali pa kupumulia, sera hazisogei hata inchi. Nami nikihesabu, sera kweli hazikusogea.

Mchana nimeshuka stesheni ya Kanda nikaingia vichochoro vya Uchikanda. Hapa ndipo Oktoba 2012 alipofungua baa yake ya chakula, UZU. Tarehe zake ni za kuchekesha: Septemba 26 mumewe amechaguliwa kiongozi wa chama, Oktoba mke anafungua kilabu, Desemba 26 mume anaapishwa waziri mkuu. Mboga za bila dawa, sake, na mchele aliolima mwenyewe Yamaguchi. Mume, ambaye tumbo lake lilikuwa na maradhi ya miaka mingi na pombe hakuiweza, anasemekana kumpa sharti kwamba asinywe pale dukani. Mke alikuwa mnywaji wa wazi na hakuona haya. Sharti lile ndilo linalonichekesha: mwenye baa ndiye pekee asiyeruhusiwa kuagiza.

UZU haipo tena. Ilifungwa mwishoni mwa Oktoba 2022. Nilipita kichochoro mara mbili, hakuna cha kuona ila mashine ya soda na baiskeli ya mtu. Nikaingia kula kwenye kibaa kingine cha jirani, viti saba, mama mmoja nyuma ya kaunta. Ukutani kabandika karatasi mpya ya mkono: kuongeza wali sasa ni kwa malipo. Kilo tano za mchele mwezi uliopita zilipita yeni 4,200, na watu wanapanga foleni kununua mchele wa akiba ya serikali kwa nusu ya hapo. Waziri wa kilimo, Taku Eto, alijiuzulu Mei 21 kwa kusema yeye hajawahi kununua mchele, wafuasi wanamletea hadi unajaa stoo. Alipobanwa alieleza kuwa mkewe amempigia simu kumgombeza: mchele ukiisha huwa unanunuliwa, na anayenunua ni mimi.

Nilimkumbusha mama wa kaunta kisa kile. Akaweka chini kijiko cha mti, akasema, "Yule ndiye angekuwa waziri."

Siku ya tatu. Alhamisi, 5 Juni. Toyonaka

Nimerudi Osaka kwa Shinkansen, treni ya kasi, ya asubuhi, karameli zimebaki saba. Toyonaka ni kaskazini ya jiji, chini kabisa ya njia ya ndege zinazotua Itami. Nimekaa kwenye bustani ya Noda Chuo, na kila baada ya dakika chache tumbo la ndege linapita juu ya miti, unaona hadi magurudumu. Kwa sababu ya kelele hizi serikali ilinunua viwanja hapa zamani. Kiwanja cha bustani hii kiliuziwa manispaa mwaka 2010 kwa zaidi ya yeni bilioni 1.4. Kiwanja cha jirani, kinachokaribiana nacho kwa ukubwa, kilikadiriwa yeni milioni 956, na Juni 2016 kikauzwa kwa milioni 134. Sababu iliyotolewa: chini kuna takataka.

Mnunuzi alikuwa Moritomo Gakuen, taasisi yenye chekechea ambako watoto wadogo walikaririshwa Amri ya Kifalme ya Elimu ya 1890. Walitaka kujenga shule ya msingi, na mwalimu mkuu wa heshima akatangazwa Akie Abe. Habari ilipolipuka Februari 2017 akajiuzulu cheo kile. Tarehe 17 ya mwezi huo mumewe akasimama bungeni akasema kama yeye au mkewe wanahusika na mauzo yale, ataacha uwaziri mkuu na ubunge. Mkuu wa taasisi akaja kuapa mbele ya bunge kwamba Akie alimkabidhi mchango wa yeni milioni moja, Akie akakanusha. Katikati ya vurugu hiyo ndipo likazaliwa lile tamko la *shijin*. Mtu wa umma angeweza kuitwa ajieleze. Mtu binafsi anaachwa apumzike.

Sasa kuna mke mwingine katika hadithi hii, na kwa kweli ndiye aliyenileta Toyonaka. Anaitwa Masako Akagi. Mumewe, Toshio, alikuwa mtumishi wa ofisi ya fedha ya serikali huku Kinki, yaani kanda ya Osaka. Aliamriwa kubadili nyaraka za mauzo ya kiwanja; miongoni mwa yaliyofutwa ni mistari iliyomtaja Akie. Alikuwa mtu wa kujivunia kazi yake, akisema mwajiri wake ni wananchi. Machi 2018 akajiua. Mkewe akafungua kesi mwaka 2020. Desemba 2021 serikali ikakubali kulipa fidia yote aliyodai, zaidi ya yeni milioni 100, kesi ikaisha bila shahidi hata mmoja kupanda kizimbani. Hakutaka pesa, alitaka kujua. Akaendelea. Januari mwaka huu mahakama ya rufaa ya Osaka ikampa haki, na tangu Aprili makaratasi yameanza kutolewa, maelfu kwa maelfu.

Masako Akagi hakuna baraza lililokaa kumtangaza chochote. Hakupangiwa hata karani. Nilijaribu kufikiria shangazi angemwambia nini Akie kuhusu jambo hili. Shangazi alikuwa na kanuni: mgeni akikuletea kuku, uliza kwanza kesi yake iko mahakama gani.

Siku ya nne. Ijumaa, 6 Juni. Kyoto hadi Kashihara

Siku fupi na sikuipenda, ila niliona lazima.

Julai 8, 2022, saa tano na dakika 31 asubuhi, Shinzo Abe alipigwa risasi akihutubia nje ya stesheni ya Yamato-Saidaiji, Nara. Mkewe alikuwa Tokyo. Alipanda Shinkansen, akabadili treni Kyoto, akaingia ile ya Kintetsu. Alifika hospitali ya Kashihara saa kumi na dakika 55 jioni. Saa kumi na moja na dakika tatu madaktari wakatangaza kifo. Dakika nane.

Nimeipanda reli ileile ya Kintetsu kutoka Kyoto. Viti laini, kitambaa cheupe kichwani, mabibi wawili wakigawana mandarini. Mashamba ya mpunga yamejaa maji pande zote mbili. Kabla ya kuipanda sikuwa nimeangalia ramani vizuri. Treni ikapunguza mwendo, sauti ya kike ikatangaza kituo kinachofuata, nikasikia: Yamato-Saidaiji. Njia ya kwenda Kashihara inapita palepale. Milango ikafunguka, watu wakashuka, wengine wakapanda, milango ikafunga.

Nilirudi kushuka baadaye. Manispaa iliamua pasijengwe mnara mahali penyewe. Kuna maua yamepandwa kando ya barabara, na wanafunzi wanapita na simu zao. Jiwe la kumbukumbu lipo kwingine, kwenye makaburi ya Mikasa. Nimesimama muda wa kusoma Fatiha, nikaondoka.

Kwenye mazishi hekaluni Zojoji, Tokyo, mjane alisema kila umri una masika yake, kiangazi, vuli na kipupwe, maneno ya mwalimu Yoshida Shoin wa Yamaguchi ambaye mumewe alimpenda. Septemba akaingia ukumbi wa Nippon Budokan kwa kimono cheusi, mkononi kakumbatia sanduku la majivu lililofungwa kitambaa cha zambarau chenye mistari ya dhahabu, huku nje maelfu wanaandamana kupinga mazishi ya kitaifa. Hiyo picha wengi tunaikumbuka. Ya ndani ya treni hakuna aliyeiona.

Siku ya tano. Jumamosi, 7 Juni. Shimonoseki

Hapa ningekaa wiki. Treni ya kasi hadi Kokura, halafu garimoshi la kawaida linalopita chini ya bahari na kuibukia Shimonoseki. Mlango wa bahari wa Kanmon ni mwembamba, maji yanakimbia kama mto, meli kubwa zinapita karibu hadi unasoma majina. Nilivuka kwa miguu kwenda na kurudi kwenye handaki la waendao kwa miguu, mita 780, bure. Katikati umechorwa mstari sakafuni: mguu mmoja Kyushu, mguu mmoja Honshu. Wazee wanafanya mazoezi humo kama uwanjani.

Soko la Karato Jumamosi ni kelele tupu. Samaki wao mkuu ni *fugu*, ambaye wenyeji humwita *fuku* maana inasikika kama "baraka". Nilipomwona kwenye beseni nikacheka: ni bunju! Kwetu Tanga bunju akinasa kwenye wavu anarudishwa majini au anatupwa ufukweni, mtoto asimguse. Huku anachunwa na mpishi mwenye leseni, anapangwa vipande vyembamba hadi unaona maua ya sahani chini yake. Nimekula. Ana ladha ya kutafuna kuliko ya samaki. Sikufa.

Hili ndilo jimbo la kina Abe. Shinzo alizaliwa na kukulia Tokyo, lakini kura zilikuwa huku, na aliyekuwa anakaa huku kuziangalia ni mke. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Akie akaingia kituo kidogo cha redio cha FM hapa mjini akawa mtangazaji, jina lake la hewani "Akky". Naipenda sehemu hii kuliko zote. Binti wa Sacred Heart, mkamwana wa ukoo wa mawaziri wakuu, anavaa vipokea sauti na kusalimia wauza samaki. Redio ina uzuri wake: mtu anakusikia bila kukuona umevaa nini, na jina unajichagulia.

Karibu na soko kuna kilima chenye hekalu la Kameyama Hachiman. Nilipanda kwa ajili ya mwanamke mwingine. Katika karne ya 19 msichana mmoja aitwaye Umeko, aliyekuja kuwa geisha mjini hapa, alikuwa akihudumia kwenye kibanda cha chai mahali hapa. Inasimuliwa alimficha kijana aliyekuwa akiwindwa na wauaji. Kijana yule ni Hirobumi Ito, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Japani, 1885, na Umeko akawa mwanamke wa kwanza Japani kuwa mke wa waziri mkuu. Ito huyohuyo ndiye aliyekula fugu hapa Shimonoseki na kuondoa marufuku yake mkoani mwaka 1888. Kitabia hakuwa mume wa kusifiwa, wanawake wake walikuwa gumzo la taifa zima. Mwaka 1909 akapigwa risasi stesheni ya Harbin, akafa. Kwa hiyo katika mji huu mdogo wameishi wake wawili wa mawaziri wakuu waliopokea habari ya risasi kutoka stesheni ya treni. Nilikaa kwenye ngazi nikala karameli mbili.

Umeko aliishi hadi 1924. Alijifunza kusoma, Kiingereza, mwandiko mzuri, alicheza dansi na mabalozi. Wanahistoria wanamsifu kwa kuwa mke mwema. Kile kibanda cha chai, alichokuwa akifanya kazi kabla ya kuwa mke wa mtu, kimebaki jina kwenye ishara.

Usiku nimelala nyumba ya wageni ya bibi mmoja. Alipojua naulizia Akie akasema alimwona zamani kwenye mikutano ya kampeni, akiinamisha kichwa kwa kila mtu hadi shingo ikamwuma yeye mtazamaji. "Abe-san alikuwa anakuja na kuondoka," akasema. "Okusan alikuwa anabaki." Halafu akaniuliza swali la magazeti ya wiki hii: hivi amekwenda kufanya nini kwa Putin? Maana Mei 29 Akie alikuwa Kremlin akipokea maua, kama Desemba alivyokuwa Florida mezani kwa Trump na Melania kabla waziri mkuu Ishiba hajapata nafasi. Serikali ikasema haihusiki, ni safari yake mwenyewe. Bibi akatikisa kichwa huku akikunja futoni. "Mwenyewe," akarudia, "mwenyewe."

Siku ya sita. Jumapili, 8 Juni. Nagato

Mvua tangu alfajiri, ile nyepesi isiyochoka. Reli ya kwenda Nagato ilivunjwa na mafuriko ya 2023, kwa hiyo kutoka Takibe ilikuwa basi. Abiria tulikuwa wanne. Kaburi la ukoo wa Abe liko upande wa Yuya, mashambani kabisa; nililiona kwa mbali barabarani, mwavuli mmoja mweusi umeinama mbele yake, nikamwomba dereva wa teksi asisimame.

Nikampeleka badala yake Higashi-Ushirobata, kwenye majaruba ya mpunga yaliyojengwa ngazi kwa ngazi kuteremkia baharini. Tangu 2011 Akie alikuwa akilima mpunga wake mkoani humu na vijana, kwa mikono, miguu kwenye tope, na mchele ule ndio ulioliwa Kanda. Shamba lake si hapa. Lakini mpunga ni mpunga, nilitaka kugusa tope la Yamaguchi. Mzee mmoja mwenye buti za mpira alinionyesha namna ya kushika miche mitatu mitatu na kuisukuma kwa vidole viwili. Nikamwambia kwetu Korogwe tunapanda hivihivi. Hakuamini hadi nilipovua viatu.

Jioni mvua ikakatika. Kule baharini mashua za ngisi zikaanza kuwasha taa, moja, mbili, halafu nyingi, na kila taa ikaonekana mara mbili: baharini na ndani ya majaruba. Nikampigia shangazi. Tanga ilikuwa saa saba na nusu mchana. Nilimwonyesha taa kwenye simu, akasema ni wavuvi wa dagaa. Nikamweleza yote, toka karameli hadi treni ya Kintetsu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo lisilo la kawaida.

Siku za ubunge shangazi alikuwa na cherehani chumba cha nyuma. Mumewe hakupenda watu wajue mke wa mheshimiwa anashona mabulauzi ya wengine kwa pesa, kwa hiyo ilishonwa usiku, redio ikiwa juu.

"Hiyo baa yake," akaniuliza mwishowe, "funguo alikuwa anashika nani?"

"Yeye mwenyewe, shangazi."

"Na aliifunga alipofiwa."

"Ndiyo. Mwezi wa nne wa msiba."

Akanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika. Halafu nikasikia kanyagio likianza, taratibu, na sindano ikashika mwendo.